Kumbe "ordinary" sio kawaida tu

Jamani leo hapa Moshi nilikuwa na mgeni wa Australia, kashuka mlimani jana, nikamuuliza hali ya hewa huko juu ilikuwaje akasema "pretty ordinary", mi nikajua anasema ilikuwa kawaida tu nikamwambia afadhali, akabaki ananiangalia. Kumbe kwao kitu kikiwa ordinary mara nyingi ndo kibovu! Mvua ilimpiga siku mbili maskini.

Na hilo neno nimeishi nalo miaka minne sekondari, ile O ya O level si ndo Ordinary yenyewe, ila hakuna aliyeniambia linageuka hivo. Imeniuma kidogo maana wageni wangapi nimewaambia "ordinary food" nikimaanisha wali maharage wetu wa kila siku ambao naupenda sana, wao wanasikia msosi wa hovyo hovyo. Kuanzia leo nasema "everyday food".

Afu "extraordinary", ile extra hapo sio zaidi, ni Kilatini, yaani nje ya, kwa hiyo ni nje ya kawaida. Na mtu usimwite "common" jamani, kwa Waingereza hiyo ni dharau kabisa.