Hamsini na Moja, Si Hamsini na Tisa

Lori la vitabu lilifika kwenye shule ya msingi niliyokuwa mwalimu mkuu, ng'ambo ya feri, saa sita u nusu mchana, siku ya Ijumaa, muhula wa pili wa mwaka 2003. Mtu wa Mombasa anaijua saa hiyo. Mwenyekiti wa kamati ya shule keshatangulia msikitini, naibu wangu yu njiani, na nusu ya walimu hawapo. Mvua ya masika ilikuwa haikatiki. Dereva alikuwa amekaa sana kwenye foleni ya feri upande wa kisiwani, naye alitaka kuwahi kurudi. Alipoingia ofisini alimkabidhi hati ya mzigo mwalimu wa michezo, kijana aliyekuja kutafuta chaki, akidhani ndiye mwalimu mkuu. Kijana akanipa mimi karatasi.

"Mamangu, tia sahihi na muhuri hapa tu, vitabu vyote vimo," akasema dereva. "Kuhesabu mtahesabu baadaye."

Nilimwambia tutahesabu kwanza.

Januari ya mwaka huo serikali ilikuwa imefuta karo katika shule za msingi, ikaanza kutoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Fedha hizo ziliingia katika akaunti mbili zisizochanganywa: 650 za vitabu na vifaa vya kufundishia, 370 za matumizi mengine ya shule. Watu hudhani uzito wa kazi ya mwalimu mkuu ni nidhamu ya watoto. Mimi nasema mtego mkubwa uko kati ya lori na stoo. Hati ikishatiwa sahihi, duka halidaiwi tena. Mkaguzi wa hesabu akija baada ya miaka miwili hatamtafuta dereva, atalitafuta jina lililo chini ya karatasi.

Oda yenyewe tuliiandika kwa uangalifu. Kamati ya kuteua vitabu, walimu pamoja na wazazi, ilikaa siku mbili na rejista mezani. Darasa la tano lilikuwa na watoto 118. Kitabu kimoja kwa wawili, basi 59 kwa kila somo. La kwanza walikuwa 156, maana elimu ya bure ilileta hata watoto wa miaka tisa na kumi. Huko chini kitabu kilikuwa kimoja kwa watatu, kwa hivyo 52. Tukaomba bei kwa maduka matatu, kwa maandishi, na kwenye oda tukataja jina kamili la kitabu, mchapishaji na toleo. Toleo usilisahau kamwe. Silabasi mpya ilikuwa inaingia kwa awamu, mwaka ule ikianza na darasa la kwanza na la tano, na vitabu vya silabasi ya zamani vilikuwa vimejaa madukani bila mnunuzi. Ukiandika "Kiingereza darasa la tano" pekee, utaletewa cha zamani na hutakuwa na la kudai.

Wiki iliyotangulia mwenye duka alikuwa amenipigia simu kuniambia kwamba katika mzigo ule "yangu ipo". Hilo ni punguzo. Badala ya kuandikwa kwenye ankara, hutiwa kwenye bahasha. Nikamjibu aliandike kwenye ankara, kwa jina la shule. Akanyamaza kidogo, kisha akakata simu.

Basi tukapanga madawati barazani, mbali na mchirizi wa mvua. Nilimchukua yule mwalimu wa michezo, mwalimu wa darasa la tano, na mzazi mmoja wa kamati, mama muuza mahamri wa jirani ambaye hasomi kwa wepesi lakini hesabu haimpiti. Mmoja alifungua bunda na kutaja, wa pili akahesabu upya, wa tatu akaandika. Mkononi tulishika oda yetu. Ukihesabu kwa kufuata hati ya mzigo utakuta kila kitu sawa, kwa kuwa hati imeandikwa na anayeleta.

Hisabati hati ilisema 59. Mabunda matatu yalikuwa na kumi kumi, la mwisho tisa, kama ilivyotakiwa. Lakini mengine mawili kamba zake zilikuwa zimefunguliwa na kufungwa tena, na kila moja lilikuwa na vitabu sita. Jumla 51. Kiingereza vilitimia 59, ila 20 vilikuwa vya toleo la zamani, vimepachikwa katikati ya mabunda, rangi ya jalada ikikaribiana. Sayansi vilitimia, lakini vitatu vilitoka ukurasa wa 32 vikarukia wa 49. Kunjo zima la kurasa 16 lilikosekana. Hilo hutokea kiwandani, si wizi, na ndiyo sababu hupekua kila kitabu, si kile cha juu ya bunda tu.

Mwenyekiti alirudi tukiwa bado barazani. Kabla yangu alizoea kutia sahihi hundi tupu, kwa sababu kazi yake ya bandarini haikumpa nafasi ya kuvuka mara kwa mara. Mimi nilizikataa, naye hilo lilimkera.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mbona lori bado liko?"

Nikampa karatasi. Aliyahesabu yale mabunda mawili kwa mikono yake, polepole. Kisha akauliza, "Hundi iko wapi?"

"Kabatini. Haijaandikwa."

"Iache huko huko."

Kwenye nakala zote za hati tuliandika vilivyopokewa, vilivyorudishwa na sababu yake. Dereva akatia sahihi kando ya yangu, na muhuri nikaupiga juu ya maandishi ili pasiongezwe tarakimu. Tulimpa chai na mahamri kabla hajaondoka. Yeye ni mbebaji tu, hakuyafunga yale mabunda.

Jumanne vililetwa vilivyobaki, vinane vya Hisabati, ishirini vya Kiingereza na vitatu vya Sayansi, pamoja na ankara yenye mstari mpya wa punguzo. Punguzo lile lilitupatia kamusi 14 zaidi.

Kila kitabu tulikipiga muhuri ndani ya jalada, ukurasa wa 17 na ukurasa wa mwisho, maana kitabu kinachoibwa huchanwa jalada kwanza. Kikapewa nambari rejistani. Stoo tuliweka mbao chini na kuacha nafasi ya mkono mmoja ukutani, kwa sababu kuta zetu za mawe ya matumbawe hutoa jasho wakati wa masika, na mchwa hupandia hapo. Watoto wa darasa la tano tuliwagawa wawili wawili kwa ujirani, zamu ya kwenda nacho nyumbani ikabadilishwa kila siku. Hisabati nambari 59 tuliwapa wasichana wawili wa nyumba moja kule Mtongwe. Hao hawakuhitaji zamu.