Guta langu la kukanyaga na tela lake

Watu wanaosimama kulitazama guta langu, yaani baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, hapa Ngamiani, Tanga, huuliza kwanza linabeba kilo ngapi, na ni wachache wanaouliza linasimamaje. Kwa maoni yangu swali la pili ndilo lililostahili kutangulia, kwa kuwa chuma cha kubebea mzigo hakikosekani kwa fundi yeyote wa kuchomelea, ilhali kuuzuia mzigo huo mteremkoni kunahitaji kufikiriwa kabla ya paipu ya kwanza kukatwa.

Sehemu ya mbele ni ya baiskeli kuukuu ya Phoenix. Nyuma ni paipu za mraba na magurudumu mawili ya pikipiki. Niliyapendelea hayo kwa sababu chombo cha magurudumu matatu hakilali kwenye kona kama baiskeli, hivyo nguvu yote ya ubavuni huziangukia spoku, na rimu nyembamba hupinda. Isitoshe, magurudumu ya pikipiki huja na breki zake za ndani. Waya wa breki ni mmoja kutoka kwenye usukani, nao umefungwa katikati ya kipande cha chuma kinachocheza, ambacho ncha zake huvuta waya mbili za nyuma kwa nguvu sawa. Bila hicho, upande mmoja ungeshika kabla ya mwingine na guta lingekwenda upogo.

Cheni huzungusha gurudumu la kushoto peke yake. Wapo wanaodhani huo ni ubahili, lakini kwenye kona gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani, na yakifungwa yote kwenye ekseli moja isiyo na difu (gia inayoyaacha magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti), mojawapo ni lazima liburuzwe. Kwa meno 32 mbele na 22 nyuma, mzunguko mmoja wa kanyagio hulisogeza guta kama mita 2.8, mwendo ambao vijana huucheka mpaka waone shehena ya madumu ya maji.

Tela limeungwa chini, usawa wa ekseli ya guta, kwa sababu kiungo kikiwa juu, tela linaposukuma wakati wa kufunga breki huweza kulipindua guta. Kiungo chenyewe ni mpira mnene uliobanwa kwa bolti, na pembeni yake upo mnyororo mfupi wa kulishika tela mpira ukikatika. Mzigo mzito hukaa mbele kidogo ya ekseli ya tela, ili mkono wake ukandamize kiungo. Ukirundikwa nyuma, tela huanza kuyumba.

Vilivyobaki ni vyepesi: turubai, sanduku la spana na pampu, na viakisi mwanga vyekundu kwenye pembe zote mbili za nyuma. Mkono wa breki una kamba ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu, ambayo huubana wakati wa kupakia ili guta lisiondoke lenyewe.