Daktari wa Panya

Mjomba alinitambulisha kwa wageni hivi: "Huyu wetu ni daktari, lakini wa panya. Ukiugua usimsumbue." Sebule nzima pale Umoja, Nairobi, ikaangua kicheko, nami nikacheka na sambusa mdomoni, maana siku ya kupanga mahari hakuletwi fujo. Lakini limenikaa rohoni, na kabla sijarudi Marekani, ninakotibu na kufanya utafiti, wacha nilitoe.

Kwanza, mjomba, kwa heshima zako zote, panya mwenyewe hatufai sana. Mwaka 1992 wanasayansi walitengeneza panya mwenye ugonjwa ninaoushughulikia, sistiki faibrosisi, ule wa kurithi unaojaza mapafu ute mzito, na mapafu yake yakakataa kuugua kama ya binadamu. Ikabidi watafute nguruwe, 2008. Ukitaka kunitusi, nitusi sawasawa.

Kuna siku nashinda kliniki ya mapafu nikiona wagonjwa kama daktari yeyote. Siku nyingine niko maabara na seli za wagonjwa haohao. Unapitisha kibrashi chembamba puani, mgonjwa anatokwa machozi, anapiga chafya, basi. Seli zile unazilea wiki kadhaa, juu hewa, chini maji yenye chakula chake, mpaka ziote vinyweleo. Kwenye darubini unaviona vikipiga pamoja, vikisukuma ute. Kwa mwenye jeni mbovu ya CFTR, chumvi na maji havipiti inavyotakiwa, na ute unakuwa mzito kama uji uliolala. Unaweka dawa, unapima kama njia ya chumvi imefunguka. Ikifunguka, unajua dawa ina nafasi ya kumfaa huyo mtu kabla hajameza hata kidonge kimoja. Siku kama hiyo sikumbuki kula.

Mjomba huuliza pia mbona simalizi kusoma. Jeni ya CFTR ilipatikana 1989. Kidonge cha kwanza cha kurekebisha hitilafu yenyewe kiliidhinishwa Marekani 2012. Kuna watu waliota mvi hapo katikati.

Mwaka 2019 ikaja dawa ya Trikafta, iliyolenga takriban asilimia 90 ya wagonjwa wa Marekani. Bei ilitangazwa zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka. Kwa shilingi zetu ni karibu milioni 40, yaani unanunua nyumba Kileleshwa, Desemba unaanza kulipia nyingine. Na hata ukizipata hizo pesa, kuna kasoro ya jeni hiyo iitwayo 3120+1G>A, inayojulikana sana kwa watu wenye asili ya Afrika. Dawa hizo hurekebisha protini inayotengenezwa na jeni, na mwenye nakala mbili za kasoro hii karibu hana protini ya kurekebishwa. Hapo ndipo kazi yangu ilipo, na ndiyo sababu maneno ya panya yaliniuma.

Maana hapa Nairobi mtoto akikohoa miezi na kukonda, tunafikiria TB, na ni haki yetu, TB iko. Lakini GeneXpert, mashine ya kupima TB, ikisema hakuna, na dawa hazikusaidia, bado tunarudi palepale. Kipimo cha jasho cha sistiki faibrosisi kipo tangu 1959: kloridi ikifika milimoli 60 kwa lita, una la kuuliza. Mama akikwambia akimbusu mwanawe anaonja chumvi, tafadhali usimcheke.

Sasa nyinyi wa shule za udaktari mnaonijazia inboksi mkitaka njia ya kuwa daktari mtafiti Marekani. Nyote mnauliza mtihani, hakuna anayeuliza viza. Ukienda kwa J-1, viza ya mafunzo, ukimaliza mafunzo unatakiwa urudi nyumbani miaka 2, au uombe msamaha, ambao mara nyingi ni miaka 3 ya kutibu muda wote mahali penye uhaba wa madaktari. Maabara utaisikia kwenye simu. Ruzuku ya K08, pesa za utafiti za serikali ya Marekani ambazo daktari mtafiti anayeanza huzililia, hutolewa kwa raia au mwenye grinkadi. Ruzuku nyingine, K99, haina sharti hilo, lakini ushindani wake, we acha tu. Tafuta mtafiti wa kukushika mkono kabla hujakata tiketi, na msome pamoja mkataba wenu: ni siku ngapi za wiki zimetengewa utafiti? "Tutaona ukifika" ni jibu la hapana.

Pesa nazo, msidanganywe na koti jeupe. Wenzangu waliobaki na kutibu peke yake wanapaua Kitengela. Mimi sehemu ya mshahara wangu hutoka kwenye ruzuku, na ile niliyoomba majibu hayajatoka.