Nimerudi Pangani, ila kila mtu anataka nimuhadithie Benidorm

Haya jamani nimerudi, miaka tisa kasoro, wiki ya pili hii nipo Pangani na bado nashtuka alfajiri nikidhani nimechelewa shifti, mama ananambia lala mwanangu, hapa hakuna vyumba vya kusafisha. Na kila anayekuja kunipa pole ya safari anauliza eti Uhispania kukoje, nikitaja Benidorm wanadhani ni jina la dawa ya kikohozi.

Ngoja niandike mara moja basi. Benidorm ni mji wa pwani, mkoa wa Alicante, kwenye Mediterania. Fukwe kubwa ni mbili, Levante na Poniente, yaani jua linakochomoza na linakozama, katikati kuna kilima chenye mji wa zamani na kanisa la makuba ya bluu, na baharini kuna kisiwa kidogo cha pembetatu. Wenyeji wanahadithia jitu moja linaitwa Roldán liliupiga teke mlima wa nyuma, Puig Campana, kipande kikaruka kikatua baharini ndo hicho kisiwa, na kweli mlima una pengo juu kama jino lililong'oka. Halafu maghorofa sasa! Gran Hotel Bali peke yake ni mita 186, ukisimama chini shingo inauma.

Lakini kilichonikamata mimi si maghorofa, ni wavuvi. Kule jikoni hotelini kulikuwa na mzee wa hapohapo, babu zake wote watu wa bahari, ndo alonambia kwamba Benidorm ilikuwa kijiji cha kuvua jodari kwa mtego unaitwa almadraba. Nilipomuhadithia mjomba jana, yeye kazi yake wando toka ujana, ule uzio wa kutegea samaki, nikamwelezea nyavu zinatandazwa kutoka karibu na pwani, jodari anasafiri anakutana na ukuta, anaufuata ukuta mpaka anaingia chumba cha mwisho hatoki, akanikatiza, "Ah, si wando huo!" Na hilo jina almadraba lenyewe la Kiarabu, maana yake mahali pa kupigia, dharuba yetu hii hii, yaani pigo, imo mle ndani. Mkuu wa mtego walimwita arráez, yaani rais. Hata hiyo Beni ya mwanzo ni Bani, wana wa fulani, Waarabu walikaa kule karne na karne, vijiji vya jirani kibao vinaanza na Beni. Mjomba alicheka sana kusikia kule rais ni mvuvi.

Basi mwaka 1952 mtego wa mwisho ukaondolewa, na meya wa wakati huo Pedro Zaragoza akaamua mji uishi kwa wageni. Wazungu wa kaskazini wakaanza kuja na bikini, Uhispania ya dikteta Franco na kanisa lake, wewe fikiria, maaskofu wakachachamaa, na inasimuliwa huyo meya alipanda pikipiki yake Vespa mpaka Madrid kwa Franco mwenyewe kutetea bikini. Kweli tupu au imetiwa chumvi, mji wote unaisimulia. 1956 wakapitisha ramani ya mji, jengo liende juu ila liachiwe nafasi pembeni, ndo maana kule hata hoteli ya bei ya chini unapata upepo na baharini unakwenda kwa miguu na ndala zako. Waspania wengi wanaucheka ule mji wanasema mbaya. Mi naupenda, sijui niseme nini.

Na hauzimiki hata baridi, maana serikali yao tangu 1985 ina mpango wa kuwasaidia wastaafu wasafiri msimu ambao hoteli zingekuwa tupu, halafu kuna Waingereza. Wazee hao utawaona asubuhi saa kumi na mbili wanachimbia mwavuli mstari wa mbele kabisa halafu wanarudi hotelini kunywa chai, manispaa mpaka imeweka sheria, kiti kisicho na mtu kinabebwa, na bado.

Ila picha haionyeshi mgongo. Wasafisha vyumba kule tunajiita kellys, kifupi cha las que limpian, yaani wale wanaosafisha, mi kwa siku vyumba ishirini na kitu, magodoro unayanyanyua mwenyewe, dakika zinahesabiwa, mkono wangu wa kulia mpaka leo ukikunja shuka unatetema. Na maji, ule mji hauna mto kama wetu, 1978 ukame uliwabana mpaka wakaletewa maji kwa meli, nawaza hilo kila nikitazama pantoni inavyovuka kwenda Bweni ng'ambo ya mto na maji yote haya yanapita bure.

Leo asubuhi nikashuka pwani saa kumi na mbili, mazoea tu. Hakuna mwavuli hata mmoja. Mjomba alikuwa anarudi na mashua, samaki wa kuhesabu kwa vidole, akaniuliza tena habari ya ule wando wa kule.

"Sasa walipoung'oa, hao jodari walibaki wanapita au walishakwisha?"

Yule mzee wa jikoni sikumuuliza. Nikamshikia mjomba kamba tukavuta mashua.