Mama mdogo niliyemgeuza mama mzazi

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa Kiswahili. Steshenari yangu hapa Magomeni, Dar es Salaam, imeishi kwa kesi za watu miaka 11 sasa, na zamani kazi yangu ya pembeni ilikuwa kumsomea mtu hukumu yake mwenyewe. Ametoka mahakamani na karatasi 14 za Kiingereza, anauliza, "Kaka, hebu niangalizie, nimeshinda au nimeshindwa?" Nilikuwa natoza 2,000. Wengine niliwasamehe, maana habari yenyewe ilikuwa mbaya.

Kwa hiyo Februari 2021, Rais Magufuli alipompandisha Jaji Zepherine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, nilishangilia huku nikijua riziki yangu ndiyo inakatwa. Mwaka huohuo sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikabaki cha pale haki inapodai. Hoja niliyoisikia ikirudiwa ilikuwa moja na ilinitosha: mwananchi aelewe kinachosemwa juu yake.

Halafu akaja yule bibi.

Alikuja na mjukuu wa kama miaka 14, bado kavaa sare. Shauri la mirathi, wanataka hati ya kiapo. Nikauliza swali, kijana akamgeuzia bibi kwa Kisukuma cha kuokoteza, bibi akajibu maneno marefu yenye majina na miaka ndani yake, kijana akanirudishia kitu kifupi: "Anasema marehemu ni mtoto wake." Nikaandika kwamba yeye ni mama mzazi wa marehemu. Dole gumba likagongwa, wakaenda kwa wakili.

Mimi ni Msukuma wa Magu. Ningetega sikio ningeelewa kila alichosema. Lakini dukani kulikuwa na foleni, na mjini hapa ukishafungua mdomo kwa Kisukuma unaitwa Ngosha, jina la utani la Wasukuma, mpaka unahama mtaa. Shuleni tulichapwa kwa kuongea kilugha, na nadhani zile fimbo bado zinafanya kazi.

Wiki chache baadaye upande wa pili ukaleta ushahidi kwamba mama mzazi wa marehemu alishafariki zamani. Bibi akaulizwa kwa nini amedanganya chini ya kiapo. Kumbe marehemu ni mtoto wa dada yake, amemlea tangu ananyonya. Kwetu mtoto wa dada yako ni ng'wana wako, basi. Hata Kiswahili cha nyumbani kinamwita mwanangu. Hati ya kiapo ndiyo inayotaka kujua nani alimzaa. Na karani mmoja, kwa nia njema kabisa, alikuwa amemwambia, "Bibi, siku hizi mmerahisishiwa, kila kitu Kiswahili."

Aliporudi dukani nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu." Akanitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kwa Kisukuma, siku ile ulikuwa wapi?

Tuliandika upya, bure, saa mbili nzima. Shauri halijaisha, kwa hiyo naishia hapo.

Nikisimulia haya kijiweni naambiwa naleta ukabila. Woga huo nauheshimu. Nchi hii haijamuuliza mtu kabila lake kwenye sensa tangu 1967, na tumezikana na kuoana bila kuulizana. Sidai Kisukuma kiwe lugha rasmi; sijui nani angepiga chapa hukumu kwa lugha zaidi ya 120, labda mimi, na ningetajirika. Wakenya waliandika kwenye Katiba yao ya 2010 kwamba dola itaendeleza lugha za asili pamoja na lugha ya alama, na Kenya haikuvunjika kwa sentensi hiyo. Sisi wenyewe Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mshitakiwa atafsiriwe ushahidi kwa lugha anayoielewa. Yaani mwizi wa kuku ana mkalimani kisheria, na bibi wa mirathi niliyemwona mimi alikuwa na mtoto wa shule aliyetoroka kipindi cha hesabu.

Nataka mkalimani tu, anayejua kwamba ng'wana ana maana zaidi ya moja, na alipwe.

Mwezi uliopita nilibandika karatasi chini ya kile kibao cha fotokopi: TUNAONGEA KISUKUMA. Jirani yangu wa chipsi kacheka siku tatu. Siku ya nne alikuja mama mmoja mtu mzima kutoka Kisarawe, kamshika mkono mama yake aliyezeeka sana, kasoma karatasi, akaniuliza kama Kizaramo pia tunaongea. Nikageuka kibarazani kuuliza. Tulikuwa watu saba pale, wote wa Dar, na hakuna aliyekijua.