Nimerudi Kaptembwo na nimekuta majirani wanakula pamoja

Wale mmekuwa mkiniuliza kama nimekuja likizo ama nimerudi kabisa, nimerudi kabisa. Qatar imetosha. Niko Nakuru, Kaptembwo, kwa mamangu, na sina mpango wa kupanda ndege tena. Wengi mnataka kujua mji umebadilika aje, na ni kweli umebadilika, Nakuru sai ni jiji, hati ilitolewa tarehe 1 Desemba 2021 nikiwa huko nje, sisi ndio wa nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, na maghorofa yamejengwa mahali sikuwahi kufikiria mtu anaweza kujenga. Hayo mtayaona wenyewe mkija. Mimi nataka kuwaambia kuhusu mboga.

Mtu ambaye hakuwa hapa Januari 2008, wakati wa vita vya baada ya uchaguzi, anaweza kushangaa mboga inakuwaje maneno makubwa hivyo. Mimi nilikuwa. Watu tuliokuwa tunaombana chumvi na makaa tulianza kuulizana majina ya pili, yale yanaonyesha kabila, nyumba zikachomwa, watu wakauawa, na Showground ikajaa mahema ya wenye walitoroka huku mitaani na wenye walitoka Molo na Kuresoi. Wengine hawakurudi mpaka leo. Wenye walirudi walirudi na mageti. Wakati naondoka kwenda Doha ploti zilikuwa zinafungwa mapema, watoto wamekatazwa kula kwa jirani, na sisi wa nje tukawa tunatuma pesa za kuongeza ukuta na vyuma vya dirisha, maana hicho ndicho tulikuwa tunaombwa na kila mtu aliona hiyo ndiyo salama.

Sasa nimerudi nikakuta ile kona ya nyuma ya ploti, pale palikuwa na takataka na mbwa na harufu ya mwaka mzima, ni shamba. Magunia yamepangwa mistari, managu, yaani mnavu, imesimama hadi kiunoni, kuna kunde, kuna terere, yaani mchicha, malenge yamepanda juu ya ua, na jioni kuna watu wamekaa hapo kwa mawe na viti vya plastiki, Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wajaluo, Wakisii, wanatoa mboga majani huku wanaongea. Nilisimama hapo muda mrefu kidogo. Nilikuwa naangalia ni nani ameketi karibu na nani.

Mamangu alinieleza vile ilianza. Ni 2020, korona imefunga kila kitu, mjengo hakuna, hoteli hakuna, mama anayefulia watu nguo huko Milimani anaambiwa asikuje tena. Na wakati huo huo Ziwa Nakuru lilikuwa limefura, limekuwa likipanda kwa miaka kama kumi hivi, likameza mpaka geti kuu la zamani la mbuga, na familia kadhaa za Mwariki zikatolewa kwa nyumba zao na maji zikaja kupanga huku kwetu bila kitu. Mamangu anasema ilifika mahali watu wanaangalia moshi wa jirani wanajua nani amepika na nani amelala njaa. Ndio shosho mmoja wa ploti ya nyuma, yule alikuwa anauza githeri kwa ndoo, akaenda kwa landilodi akamuomba ile kona. Hakuomba pesa. Aliomba kona na ruhusa ya kutumia bomba jioni, na landilodi akasema sawa bora muondoe takataka zenu wenyewe. Waliondoa kwa wiki nzima na wilbaro moja ya kuazima.

Kwa mtu anayetaka kujaribu, gunia linafanywa hivi. Unachukua gunia la kilo 90, unachanganya udongo na mbolea ya ng'ombe ama maganda yaliyooza, hao wetu maganda wanayatoa Soko la Wakulima kila jioni, yale makabeji na matunda ambayo yangeenda kutupwa kwa jaa la Gioto. Unakata mkebe wa mafuta ya Kimbo pande zote mbili, unausimamisha katikati ya gunia, unaujaza kokoto, unazungushia udongo, halafu unavuta mkebe juu kidogo na unajaza tena, hivyo hivyo mpaka gunia limejaa na katikati kumebaki nguzo ya mawe. Maji unamwaga kwa hayo mawe, yanashuka na kusambaa mpaka chini badala ya kukaa juu na kukauka. Pembeni unatoboa mashimo kwa kupishana na unapanda. Udongo wetu wa Nakuru ni wa volkano, ni mwepesi na hauwezi kushika maji muda mrefu, kwa hivyo mbolea usifanyie uchoyo. Terere unaanza kuchuma baada ya wiki kama tatu nne, managu inachelewa kidogo, na managu na saga, yaani mgagani, unachuma ncha tu, ukiona saga inataka kutoa maua unayakata, ndio iendelee kutoa majani.

Lakini kilimo si ndio kitu kilinishika roho. Ni mapishi. Mwanzo kila mtu alileta mbegu ya kwao, ile ametoa ushago imefungwa kwa kitambaa, na mboga zikaota, na kumbe wengi hawajui kupika za wenzao. Mama wa Vihiga ndiye alifundisha mrenda, ile mboga ya kuteleza, na ule munyu wa kienyeji wa majivu ya maganda ya maharagwe, unachuja maji ya majivu unaweka kidogo tu mboga inalainika, na majani ya kunde ndani ndio mrenda usiteleze kupita kiasi. Jirani yetu wa kutoka Kericho akafundisha saga, ni chungu, unachemsha unamwaga maji ya kwanza, unatia maziwa, unaiacha ilale na kesho yake inakuwa tamu mpaka watoto wanalamba sahani. Shosho akawaonyesha thabai, yale majani ya kuwasha, inachumwa umevaa karatasi mkononi isikuwashe, ikishachemka haiwashi tena, unaipondea ndani ya mukimo. Kila Jumamosi sufuria ni kubwa, ugali wa mahindi umechanganywa na wimbi ama mtama, omena ikipatikana kutoka Kisumu inakaangwa, kila ploti inaleta kitu chake na anayekuja bila kitu anaosha vyombo. Hakuna anayeulizwa ameleta nini. Watoto wale walikuwa wanakatazwa kula kwa jirani sasa ni watu wazima na watoto wao wanakula kwa sufuria moja, wengine wanataka mrenda kuliko sukuma.

Mimi nilikulia wakati hizi mboga zilikuwa zinaitwa chakula cha maskini. Ukipeleka managu shule wenzako wanafunika pua. Kuna watu walipigana na hayo mawazo kwa miaka, kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mwanamke wa huku magharibi mwenye alifundisha Chuo Kikuu cha Maseno kisha akaenda kile cha Jomo Kenyatta, JKUAT, alianza kuzifanyia utafiti wakati wengi waliziona kama magugu tu. Na mnamo Desemba 2021, mwezi ule ule tulipata jiji, UNESCO iliweka kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya kienyeji kwa orodha yake ya mifano mizuri ya kuhifadhi urithi. Niliposoma hiyo nikafikiria akina mama wetu wenye waliendelea kuuza mrenda kando ya barabara wakati hakuna mtu anawasifu, na nadhani sifa kubwa ni yao.

Jambo la mbegu lazima niliseme pia, juu linaniuma. Mabadiliko ya sheria ya mbegu ya 2012 yalifanya kuuza ama kubadilishana mbegu ambazo hazijaidhinishwa kuwa kosa, unaweza kupigwa faini ya mpaka shilingi milioni 1 ama kufungwa miaka 2. Fikiria shosho kumpa jirani mbegu za malenge. Wakulima walienda kortini, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vile vifungu vya kumzuia mkulima kuhifadhi na kugawana mbegu za kienyeji vinaenda kinyume na Katiba. Hapa kwetu watu walishangilia kama tumeshinda mpira. Sai mbegu zinakaa kwa mitungi ya glasi kwa nyumba ya mwenyekiti wa kikundi chetu cha shamba, managu mnaponda matunda yaliyoiva, mnaosha, mnaanika kivulini, mnachanganya na jivu. Wale wa Seed Savers Network, shirika la kuhifadhi mbegu za kienyeji, wako Gilgil, hapa hapa kwa kaunti yetu, na ni watu wa kutembelewa na kikundi chochote kinachotaka kujifunza hii kazi vizuri.

Mradi wa pili ni maji. Mnaojua Nakuru mnajua meno yetu. Maji ya visima huku Bonde la Ufa yana floraidi nyingi kwa sababu ya mawe ya volkano, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na visima vingi huku vinapita hapo, na mtoto akikunywa hayo maji meno yanaota na madoa ya hudhurungi ambayo hayatoki. Jimbo Katoliki la Nakuru lilifanya kazi nzuri ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kikundi chetu wao waliamua kuanza na paa. Kila milimita ya mvua ikinyesha kwa mita moja mraba ya mabati inakupa karibu lita 1, na Nakuru mvua ya mwaka si haba, kwa hivyo waliunganisha gata za ploti tatu kwa tenki moja la lita 10,000, na hayo maji hayafui nguo, ni ya kunywa na ya uji wa watoto. Pesa ilitoka kwa chama, shilingi 50 kwa wiki kila nyumba, na mboga inayobaki wanauza.

Na hapa nitasema kitu wengine hawatapenda. Kuna wakati mradi mmoja mkubwa uliletea mtaa jirani grinihausi, picha zikapigwa, na nilienda kuiona, plastiki imepasuka na ndani ni nyasi. Hakuna mtu pale aliulizwa anakula nini. Sisi tulio nje tulikuwa tunafanya hivyo hivyo, tunatuma pesa nyingi mara moja kwa kitu tulichofikiria sisi. Kama unataka kutuma, tuma ile 50 kila wiki kama wengine, uwe mwanachama, ukosane na watu kwa mkutano kuhusu zamu ya kumwagilia maji, juu hiyo zamu ndiyo imefanya watu wajuane. Wanakosana kweli, kuna mzee wa ploti ya mbele na fundi viatu walinuniana muda kwa sababu ya mboga iliyochumwa usiku, na walipatanishwa na kikundi chenyewe, bila chifu, bila mtu kutaja kabila. Mimi nimeona hiyo na macho yangu na ninajua 2008 ingeishia wapi.

Mimi nimepewa zamu ya Jumanne na gunia saba za kutunza. Wiki ijayo kuna watu wanaenda Lare, huko Njoro, kutafuta mbegu za yale malenge yao ambayo Slow Food, shirika la kutetea vyakula vya kienyeji, wameyaweka kwa vyakula vya kulindwa, pamoja na kuku wa Molo wa Mushunu, na mimi niko kwa hiyo safari. Tenki la pili tunataka lisimame kabla ya mvua ya Machi. Fundi wa gata anakuja Alhamisi saa mbili asubuhi na anataka watu wanne, kama uko Kaptembwo, Rhonda ama Shabab na una ngazi ndefu, kuja nayo.