Siku Kanga Yangu Ilipochuja

Mashine ya kufulia ya chumba cha vifaa ilikata roho Ijumaa saa mbili usiku, na kesho yake tulikuwa na mechi ugenini.

Ilikuwa Oktoba 2011. Nilikuwa nasoma chuo kimoja cha jamii, vile vya miaka miwili kabla ya kuhamia chuo kikuu, katika Bonde la Kati la California, kwenye mashamba ya lozi na zabibu. Nilitoka Tanga nikijua mpira ni ule wa kupigwa kwa mguu, na hiyo futiboli ya Wamarekani hadi mwaka wa pili bado ilikuwa inanichanganya. Lakini mwanafunzi mgeni mwenye viza ya masomo haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, tena ndani ya chuo, na kazi niliyoipata ilikuwa ya kutunza vifaa vya timu: kuhesabu helmeti, kujaza maji, kufua. Dola 8 kwa saa.

"Pakia," Kocha akasema. Sikuwahi kumsikia mtu akimwita jina jingine.

Usifikirie vile vyuo vikuu vya kwenye televisheni, vyenye viwanja vya watu elfu themanini. Kocha wetu asubuhi alifundisha madarasa ya mazoezi ya viungo, mchana alisukuma mwenyewe kigari cha rangi kuchora mistari ya uwanja, na usiku alipiga simu huku na huko kuwatafutia vijana wake nafasi. Vyuo vya jamii vya California haviruhusiwi kutoa ufadhili wa michezo, kwa hiyo wengine walilala wanne chumba kimoja. Mchezaji anapewa misimu miwili, basi. Baada ya hapo apate chuo kikuu cha kuhamia, la sivyo arudi kwao.

Tukazisomba jezi nyeupe zote kwenye pikapu yake hadi kwenye duka la kufulia, zile mashine za kutumbukiza sarafu. Sasa kosa ni langu, nalikiri. Nilikuwa na kanga niliyopewa na mama, nyekundu, niliyojifunika usiku. Kwa nini nitoe dola mbili zangu kwa kanga moja? Kocha alipogeuka kuchenji noti, nikaichomeka katikati ya jezi. Tangu itoke dukani haikuwa imeguswa na maji. Mtu wa Pwani hahitaji kusimuliwa yaliyofuata.

Jezi zilikuwa kuukuu, za nailoni, na nailoni hunywa rangi kama mchanga unavyokunywa maji. Tulipofungua mlango zikatoka hamsini na kitu, zote rangi ya ufizi wa mtoto.

Kocha akaivuta kanga, akaitanua kwa mikono miwili. "Nini hii?" Nikamweleza. "Na haya maandishi?"

*Japo sipati tamaa sikati.* Nikamtafsiria, sauti ikinitetemeka. Akaitazama kwa muda.

"Mwambie mama yako," akasema, "hata rangi yake haikati tamaa."

Akanyanyua chupa ya jiki. Mama mmoja wa Kimeksiko aliyekuwa akikunja mashuka akamzuia kwa Kihispania: nailoni ukiitia jiki itageuka njano, na hapo utakuwa umepata msiba wa pili. Tukarudia kwa maji baridi, mara mbili. Wapi.

Ilibidi tusubiri, ndipo akaongea. Miaka ya nyuma aliwahi kuchukuliwa na chuo kikuu awe kocha msaidizi. Alikaa misimu miwili, akarudi. "Kule kazi yangu ilikuwa kuwabembeleza watoto wa miaka 17 waje. Huku nabembeleza watu wawachukue." Februari ya mwaka ule mchezaji Aaron Rodgers alikuwa amechukua Super Bowl, fainali ya ligi kuu ya futiboli, na timu yake ya Green Bay Packers, naye mwaka 2002 alichezea Butte College, chuo cha jamii kama chetu. "Tangu siku hiyo," Kocha akasema, "kila mzazi anataka nimwambie mwanawe zamu yake lini." Aliyemzungumzia kwa kirefu alikuwa mwingine: mchezaji wake wa zamani aliyehamia chuo kidogo, akakaa benchi miaka miwili bila kuguswa, akatoka nesi.

Saa sita ikapita anakunja. Alikunja kila jezi kwa namna moja, mikono nyuma, namba juu, akaipigapiga kwa kiganja.

Kesho yake kijana mmoja wa mstari wa mbele, pauni 300, aliishika jezi yake kwa vidole viwili kama aliyeokota panya. "Vaeni," Kocha akasema. Hakueleza, na mimi nikajificha nyuma ya ndoo za maji.

Kumbe Oktoba Marekani ni mwezi wa saratani ya matiti, na miaka ile timu kubwa zilikuwa zikivaa soksi na glavu za waridi. Tulipoingia uwanjani mtangazaji akatushukuru wageni kwa kuwakumbuka wagonjwa kwa jezi nzima. Jukwaa likasimama, makofi. Kocha akavua kofia, akatazama nyasi. Tulifungwa 31 kwa 17.

Baada ya mechi mwanamke mwenye kitambaa kichwani akaja kwenye uzio akataka kuwashika wachezaji mikono. Yule wa pauni 300 akainama ili akumbatiwe. Nilitamani ardhi ipasuke. Kocha aliwapanga foleni, mmoja mmoja, hadi wa mwisho, na basi likatusubiri.

Njiani, gizani, wengi wamelala, akaja kwenye kiti changu na mfuko wa karatasi. Nikajua ndiyo barua ya kufukuzwa.

Ndani mlikuwa na kanga yangu niliyoisahau kwenye pikapu. Ilikuwa imekunjwa kama jezi, pindo zote nyuma, maandishi juu.